Mnada na Dubwi

Mpwa wangu analima korosho Newala, na ana msimamo wake: kamari hakufundishwa na wahuni wa mjini, amefundishwa na mkorosho. Huueleza akihesabu vidole. Unapulizia salfa, hujui kama maua yatakuwa mengi. Yakiwa mengi, hujui kama ubwiriunga utayawahi. Ukiyaokoa, mvua isiyo ya wakati wake inaweza kuyapukutisha. Ukiokota, ukaanika, ukapeleka gunia kwenye chama cha ushirika, AMCOS, ukapewa stakabadhi, bado huna kitu mkononi. Unangoja mnada, ambako wanunuzi usiowajua, wengine wakipeleka mzigo India na Vietnam, ndio watakaosema mwaka wako mzima una thamani gani.

"Sasa Mjomba, mimi ninayeweka mwaka mzima bila kujua nitapata nini, na kijana anayeweka sarafu kwenye mashine ya dubwi, mcheza kamari mkubwa ni nani?"

Aliniuliza hayo Masasi, jioni moja ya Desemba, malipo ya mnada yakiwa yameshaingia benki. Alinichukua nyumbani kwangu Newala, tukateremka uwandani, akasema leo kula ni juu yake, na tutakula bafe. Mimi ni mwalimu mstaafu, Mwanglikana. Dada yangu aliolewa na Mwislamu na kijana akafuata dini ya baba yake. Lakini kwetu Wamakonde mjomba ni mjomba. Jando lake nilisimamia mimi, na akipata fedha huniita mezani, akikosa huniita pia.

Bafe ilipangwa uani, chini ya taa za rangi. Wali, pilau, ndizi, tambi, maharage, kisamvu, matikiti mwishoni. Mizizi yetu ya ming'oko haikuwepo, ingawa wakati huohuo kina mama walikuwa wanaiuza stendi. Chakula chetu wenyewe tunakionea aibu mbele ya wageni. Kwenye bafe za kwetu unajipakulia mwenyewe kwa uhuru wote mpaka ufike kwenye nyama. Hapo pana binti ameshika koleo. "Viwili tu, baba." Mpwa wangu alijaribu kumtania, akaongezwa mchuzi.

Nilimsimulia habari niliyowahi kuisoma. Katika miaka ya 1940, huko Las Vegas, hoteli ya kamari iitwayo El Rancho Vegas iliweka meza ya namna hii kwa bei ya dola 1, kula kadiri uwezavyo usiku kucha. Haikuwa ukarimu. Mwenye hoteli alitaka mchezaji mwenye njaa asipate sababu ya kutoka nje, maana akitoka huenda akakumbuka nyumbani. Hasara ya jikoni ililipwa na meza za kamari. Mpwa wangu alitafuna, akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesikia habari za fundi mwenziwe.

Vegas wameviweka vyote chini ya paa moja. Masasi vimetawanyika barabarani, na sisi tulivitembelea kimoja kimoja tukishusha chakula. Huku pool, vijana wakichezeana bia. Kule duka la kubeti, luninga ukutani zikionyesha mpira wa Ulaya, na sakafuni mikeka ya ubashiri iliyochanika. Mbele kidogo, nyuma ya duka la vocha, dubwi mbili zikiwaka rangi. Kubeti na dubwi vina leseni zake. Nchi hii ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi yake. Kwa hiyo swali la mpwa wangu halikuwa la polisi. Lilikuwa la Mungu.

Jibu la haraka ambalo wengi wetu tulipewa utotoni ni kwamba kamari ni dhambi kwa sababu ni bahati, na mtu wa imani hategemei bahati. Jibu hilo ni dhaifu na mpwa wangu anajua. Vitabu vyenyewe vimejaa kura. Mitume walipotaka wa kujaza nafasi ya Yuda, walipiga kura ikamwangukia Mathiya. Yona alijulikana kwa kura kule chomboni, na Kurani nayo inamtaja Yunusi na kura ileile. Waliogombea kumlea Maryamu, kwa mujibu wa Kurani, waliamuana kwa kutupa kalamu. Hakuna aliyekemewa. Kura, wakati mwingine, ni namna ya watu kukiri kwamba uamuzi huu si wao.

Lakini chini ya msalaba kuna kura nyingine, ya askari wanaogawana nguo za mtu anayekufa. Hiyo hakuna anayeisoma bila kuona uchungu. Bahati ni ileile. Kilichobadilika ni mtu aliyevuliwa.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu asimame tuangalie dubwi kwa muda. Walikuwepo vijana wanne watano, mmoja bado na suruali ya shule. Sarafu ziliingia kimya kimya. Kisha mashine ikatapika, ule mlio wa chuma juu ya chuma, wote wakageuka. Aliyeshinda hakushangilia. Alizizoa upesi, akazishindilia mfukoni, akapita uchochoroni kabla hajaombwa. Waliobaki walikuwa wanajua fedha ile ilikuwa ya nani dakika kumi zilizopita.

Nikamkumbusha siku ya mnada. Bei ikitangazwa, uwanja mzima unaisikia kwa pamoja. Ikiwa nzuri, vigelegele. Ikiwa mbaya, watu wanagoma kuuza, wote. Novemba 2018 bei ilipokataliwa, Rais Magufuli akaamuru jeshi libebe korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, neema na tabu zilizofuata zilitupata sote, na malipo yalipokawia tulikawia pamoja. Mwaka mmoja kabla yake, bei ilipovuka 4,000, kila mtu alijua jirani yake amepata kiasi gani: mwenye duka, mwalimu wa mwanao, mjomba. Bahati ya mkorosho haina pa kujificha. Ina wadai kabla haijafika benki.

Kipimo changu mimi ni sala. Waislamu wana swala ya kuomba mvua. Sisi tuna maombi yetu ya mvua na mavuno. Naweza kumwombea jirani yangu maua mengi, na mkorosho wangu usipungukiwe hata korosho moja. Sasa na tujaribu kuomba mbele ya dubwi. Nikimwombea kijana huyu ashinde, nimewaombea nini wale wengine? Kurani inapoikataza kamari haisemi kosa lake ni kubahatisha. Inataja uadui na chuki zinazopandwa kati ya watu, na kusahaulishwa sala. Sura ya pili inakubali hata kwamba ndani yake mna manufaa kwa watu, ila dhambi imeyazidi. Hapo mimi Mwanglikana sina la kuongeza.

Mpwa wangu hakukubali kirahisi. Alisema timu mbili huombewa na mashabiki wa pande zote, na hakuna anayeita mpira haramu. Nilimjibu kwamba aliyefungwa hurudi nyumbani na jezi yake. Akasema, sawa, je kangomba?

Hapo alinishika, ingawa alinishika upande ninaoupenda. Asiyetoka kusini huenda asijue: kangomba ni yule anayekuja kipindi cha njaa, chungu kitupu na ada inadaiwa, akakupa fedha kidogo au debe la mahindi, nawe ukamwahidi korosho ambazo bado ni maua, kwa kipimo chake na bei yake. Msimu ukifika anazipeleka mnadani kwa jina lake au la mwingine. Serikali iliwahi kutuma watu wa uhakiki kuuliza kila muuzaji shamba lako liko wapi. Kangomba amebahatisha bei. Hana mashine, hana taa za rangi, na wengine wao wanaswali safu ya kwanza au wanashika vitabu vya nyimbo mstari wa mbele.

Kwa kipimo changu huyu ni mcheza kamari kuliko kijana wa dubwi. Kijana, kwa ujinga wake, alikaa mwenyewe kwenye kiti. Aliyeuza maua alikalishwa na njaa. Nimesikia mahubiri mengi dhidi ya kubeti. Dhidi ya kangomba nimesikia machache mno, na sababu naijua: vijana wa dubwi hawatoi ahadi kubwa kwenye harambee.

Tulirudi kuketi. Nikamweleza habari za Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi, aliyesimikwa mwaka 1926. Wamisionari wengine walitaka jando lipigwe marufuku. Yeye alifikiri tofauti: alilichukua, akabakiza tohara, akabakiza kuwekwa faragha na kufundwa, akaondoa matambiko na kuweka sala mahali pake. Jando likabatizwa. Wapo waliomlaumu, na wapo wazee wa kwetu waliosema jando lenyewe lilikuwa limeondoka na kilichobaki ni ganda. Mimi namheshimu kwa kuuliza swali sahihi: ukitoa kibaya, je, kuna kinachobaki?

"Dubwi je?" akauliza.

Ukitoa kumla mwenzio, nilimwambia, inabaki kura. Na kura tayari imebatizwa.

"Ndiyo hizo tiketi mfukoni mwako?"

Aliziona nilipotoa miwani. Parokia inaezeka upya, bati zimepanda bei, na kamati imechapisha tiketi za bahati nasibu; mshindi anapata mbuzi. Nilimweleza kwamba asiyeshinda hajaliwa na mtu, fedha yake iko juu ya paa anapoiona kila Jumapili.

"Basi angetoa sadaka tu, Mjomba. Mbuzi wa nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba bila mbuzi hawanunui. Tulianza hivyo, tukitangaza sadaka tu, fedha ikatosha misumari. Akacheka mpaka binti wa koleo akageuka kututazama. Akasema basi Mungu wa kwenu naye ameweka meza ya dola moja ili watu wasitoke nje. Nikamwambia achunge ulimi, ila neno lake sijapata bado wa kunisaidia kulijibu, na mchungaji nimemuuliza.

Alipomaliza kucheka alichukua tiketi moja, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga, akauliza mbuzi mwenyewe ni beberu au jike.