Huzuni Isiyojulikana na Mwenyewe

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu hawezi kuwa na huzuni asiyoijua, kwani huzuni ni jambo la moyoni, na la moyoni mwenyewe ndiye alijuaye. Dhana hii haikukamilika.

Na atazamwe mvuvi akaaye Gungu, mtumbwi wake uko Kibirizi, aliyefiwa na mwana ziwani. Siku ya maziko huambiwa, "Jikaze, mwanamume halii," naye hujikaza. Hupokea wageni, na matanga yakiisha hurejea kwenye nyavu. Akiulizwa hali hujibu kuwa yu mzima, wala hasemi uwongo. Lakini miezi ikipita kichwa humuuma pasipo maradhi, usingizi humruka, na uzi mmoja wa wavu ukikatika humtukana kijana wa mtumbwini. Ghadhabu hiyo si ya wavu.

Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, aliandika habari za kinga hizi za nafsi mwaka 1894, na bintiye Anna akazikusanya katika kitabu chake cha mwaka 1936. Wasema kwamba nafsi ikielemewa na jambo hulisukuma nje ya fahamu, nalo haliishi, bali hutokea pengine: huyu hukanusha, yule humtwika jirani chuki iliyo yake mwenyewe, na mwingine humwagia mnyonge hasira. Wala kinga si aibu. Pasipo hiyo huenda mvuvi asingaliweza kulichukua jeneza. Kwa hiyo tabibu mwema haivunji kwa nguvu.

Wapo wasemao kuwa kulia ni kukosa subira. Mtume, s.a.w., alipofiwa na mwanawe Ibrahim mwaka wa 10 wa Hijra alitokwa na machozi mbele ya masahaba, na Abdurrahman bin Auf alipostaajabu aliambiwa kuwa hiyo ni rehema. Subira huuzuia ulimi usimlalamikie Mola, na mkono usirarue nguo. Haikuamrishwa kuuzuia moyo usijue kwamba una huzuni.

Walakini elimu hii ina hatari yake. Aliyeionja kidogo humwambia jirani, "Wewe una hasira, ila hujijui," na jirani akikataa, kukataa kwake hufanywa ushahidi. Ni hukumu gani hiyo, ambayo mshtakiwa hana la kujitetea? Ni dhana mbaya iliyovikwa joho la tiba.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), alitaja katika Ihya njia nne za mtu kuzijua aibu zake: mwalimu mwenye busara, rafiki mkweli, ndimi za maadui, na kuchanganyika na watu. Kijana wa mtumbwini, aliyetukanwa kwa ajili ya uzi, aweza kuwa rafiki huyo, au adui huyo. Na alijualo yeye tangu mwezi wa kwanza mvuvi hajalisikia bado, kwa kuwa hajamuuliza.