Siku ya Saba Inayoitwa Mosi

Mkulima wa mpunga wa Ndungu, chini ya milima ya Upare Kusini, akisema mwaka huu una neema, anazungumzia magunia: maji yalifika kwenye majaruba na ndege hawakumaliza mashuke. Kanisani neema haipimwi kwa debe. Ni kipawa cha Mungu kwa asiyestahili, hata yule aliyevuna pumba.

Ushirika nao una sura mbili. Kwa wakulima ni chama chenye hisa, viongozi na mkutano mkuu. Madhabahuni, Ushirika Mtakatifu ni mkate na divai.

Kisa kitamu zaidi ni cha Waadventista, ambao mwaka 1903 walianzisha misheni yao ya kwanza nchini huko Mamba Giti, mlimani. Wanatunza siku ya saba, lakini Kiswahili kinaiita Jumamosi, yaani siku ya kwanza, kwa kuwa watu wa pwani walianza kuhesabu juma baada ya Ijumaa, siku ya sala ya Waislamu.

Waadventista hawakubadili kalenda ya majirani. Waliongeza tu neno Sabato, na mitaani wakaitwa Wasabato.