Wawili Wanaosikilizana

Wako Wafaransa wawili wapiga jazi: Vincent Peirani wa akodiani, ala ileile tunayoisikia katika taarab ya Unguja, na Émile Parisien wa saksafoni ya soprano. Mwaka 2014 walitoa albamu ya wao wawili, Belle Époque. Hapana ngoma wala besi. Hakuna pa kujificha. Ala zote mbili huishi kwa hewa: mmoja huvuta na kusukuma mivukuto, mwingine hupuliza ulimi mwembamba wa tete. Saksafoni ikipaa, akodiani hutulia chini, ikaibeba mpaka imalize. Ndipo hujibu. Ndugu yangu, leo nyumbani na kazini, mwache mwenzako amalize kusema, kisha mjibu alichosema.