Vumbi Kati ya Jicho na Kitovu

Je, hesabu ikilingana na kinachoonekana, imethibitika kuwa kweli? Swali hilo la wanafalsafa limepata jibu zuri katika kazi ya kuchora jinsi nyota zilivyotawanyika ndani ya galaksi yetu. Mwaka 1785 William Herschel, baada ya kuhesabu nyota katika pande zaidi ya 600 za anga, alichora umbo la Njia ya Maziwa na kuliweka Jua karibu na katikati. Mwaka 1922 Jacobus Kapteyn wa Uholanzi, mwenye picha na vipimo ambavyo Herschel hakuwa navyo, alifika karibu pale pale. Wote walikosea: Jua liko miaka nuru 26,000 hivi kutoka kitovuni. Wala hawakuwa wazembe. Vumbi lililotanda baina ya nyota hufifiza mwanga, kama ukungu wa baharini unaomfanya kila nahodha ajione yuko katikati ya duara. Kuhesabu zaidi ndani ya ukungu huo kuliongeza uhakika, ukweli ukabaki palepale.

Aliyewatoa wanaastronomia humo ni shahidi wa njia nyingine. Tayari mwaka 1918, kabla ya mchoro wa Kapteyn, Harlow Shapley alitazama vishada vya nyota vyenye umbo la tufe, ambavyo vingi viko juu na chini ya sahani ya galaksi, vumbi lisikotanda sana. Akaviona vimeelemea upande wa buruji ya Kausi. Kitovu kilikuwa huko. Umbali aliuzidisha takriban mara mbili, kwa sehemu kwa kuwa naye hakulihesabu vumbi. Mwaka 1930 Robert Trumpler alilithibitisha kwa vishada vya jamii ya Kilimia: vya mbali vilikuwa hafifu kuliko umbali wake ulivyodai.

Mshuku atasema: basi na maada ya giza ya leo, ile isiyoonekana ila kwa mvutano wake, ni kosa jipya. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walionyesha kwamba gesi ya pembezoni mwa galaksi ya Andromeda huzunguka kwa kasi isiyoelezeka kwa nyota zinazoonekana peke yake. Lakini hapa mashahidi ni zaidi ya mmoja: makundi ya galaksi hupinda mwanga wa vilivyo nyuma yake zaidi kuliko uzito unaoonekana unavyoweza. Kweli, mashahidi hao wote wanategemea kanuni za mvutano, na hapo mshuku ana haki ya kuchimba. Ila Trumpler hakuishia kushuku, alipima vumbi.