Jina Linauzwa? Maneno Juu ya Kutupa Mabanga

Je, sifa iliyolipwa ingali sifa? Ulizo hili tunaliweka mbele ya wasomaji wapenzi wa kijitabu hiki kwa sababu limeingia katika kila nyumba hapa Kinkondja: katika ndoa, katika matanga, na katika kampeni ya uchaguzi. Watu wanacheka tu na kusema, "Njo muziki ya leo." Sisi hatuoni kwamba neno linaishia pale.

Kwanza tueleze. Kwa Lingala, libanga ni jiwe, na wingi wake ni mabanga. Kutupa libanga ni kutaja jina la mtu ndani ya wimbo, au kwenye mikro wakati watu wanacheza, na mara nyingi yule anayetajwa ametoa kitu: franga, dola, nguo, tiketi ya ndege. Katika orkestra za Kinshasa kazi ya kelele hizo inafanywa zaidi na atalaku, yule mwenye kuchochea wachezaji. Ma-atalaku walianza na Zaïko Langa Langa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tangu miaka ya 1990, wakati Wenge Musica ilikuwa inapasuka vipande vipande, nyimbo zilijaa majina mpaka msikilizaji akajiuliza kama anasikiliza mapendo ya Marie na Joseph au anasikiliza mwalimu akiita wanafunzi asubuhi.

Wengine wanadhani ni tamaa tu ya waimbaji. Hapana, tuangalie namna wanavyokula. Mwaka 1948 mfanyabiashara Mgiriki, Nicolas Jeronimidis, alifungua nyumba ya santuri Ngoma pale Léopoldville. Kiisha zikaja Opika na Loningisa. Nyumba ndiyo ilimlipa mwimbaji, kidogo, na santuri ikauzwa. Sasa nani ananunua santuri? Nani ananunua hata kaseti? Wakati wa kaseti, moja ilifika Bukama na treni, na kabla ya wiki kuisha zilikuwa zimetoka kumi ndani yake. Leo kijana anakaa chini ya mti na ordinatere, jua linamtilia kuraa kwa kipande cha pano, unamletea simu yako, anakutilia nyimbo makumi kwa beya ya mukate. Hatumtukani yule kijana, anatafuta chakula. Lakini hakuna hata franga moja inayorudi kwa aliyetunga. Haki ya mtungaji ilikuwa kwa SONECA, tangu 2011 ni SOCODA, na wanamuziki wenyewe wanalalamika kila siku kwamba hawaoni kitu. Basi kama msikilizaji halipi, atalipa nani? Atalipa yule mwenye kutaka jina lake lisikike.

Kulipwa kwa kutaja si jambo la jana. Mwenda Jean Bosco wa Likasi, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alikwenda Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 na akapiga gitaa kwa kutangaza dawa ya Aspro. Luambo Franco naye, mwaka 1973, aliimba Azda kwa ajili ya nyumba iliyouza magari ya Volkswagen, na wimbo ukapendwa Afrika nzima. Wazee wetu waliucheza bila kuwa na hata baisikeli! Hapo hatuoni kosa. Aspro ni kidonge, Volkswagen ni gari. Kila mtu alijua ni tangazo, na kama kidonge hakiponeshi kichwa, mnunuzi atajionea mwenyewe kesho yake.

Mtu si kidonge.

Hapa ndugu wengine wanatujibu na neno la desturi, na jibu lao lina nguvu. Wanasema: hata mababu walilipa sifa. Mwenye ngoma alifika kwa mulopwe, akaita majina yake ya nguvu, akaita baba yake na babu yake, na hakurudi mikono mitupu; alipata kuku, alipata kitambaa, alipata pombe. Kwa nini basi mwasumbua vijana? Ni kweli. Asiyetaka kukubali kwamba mwimbaji wa zamani alipewa kitu, hajui desturi anayoitetea.

Lakini tuulize: yule wa zamani alipewa kwa ajili ya nini?

Padri Placide Tempels, aliyeishi kati ya Baluba wa Kamina na kuandika kitabu chake juu ya filozofia ya Kibantu mwaka 1945, aliona jambo moja ambalo wazee wetu hawakuhitaji kusoma ili walijue. Jina si kibandiko cha kuweka juu ya mtu kama bei juu ya chupa. Kuna jina la ndani, ambalo mtu halivui, na jina hilo ni yeye mwenyewe. Tunaweza kubishana na Tempels juu ya mengi, na wanafilozofia Waafrika wamebishana naye sana, lakini katika neno hili kila mama wa Kinkondja atamuunga mkono. Mtoto akipewa jina la babu, babu amerudi kwa namna fulani, na mtoto akiiba wanamwambia: "Wewe, na jina ile!" Maana yake jina linamdai. Wakati mwenye ngoma alipoita majina ya sifa, hakuwa anampamba mtu tu. Alikuwa anamkumbusha deni. Wewe ni mwana wa fulani aliyegawa samaki wakati wa njaa, basi tunakutazama.

Na waliokuwa wanasikiliza walijua. Hilo ndilo tunalitilia mkazo. Pale penye ziwa Kisale, ambapo watu wameishi na kuvua na kuzika wafu wao kwa zaidi ya miaka elfu moja (makaburi ya Sanga, yaliyochimbwa na wataalamu tangu 1957, yanashuhudia kwa vyungu na shaba yake), mtu asingeweza kusifiwa kwa ukarimu mbele ya majirani ambao aliwanyima. Wangecheka. Sifa ilikuwa na mashahidi.

Zaidi ya hayo, katika ufalme wa Baluba kumbukumbu haikuwa mali ya mfalme. Ilishikwa na chama cha Mbudye, na ndani yake wale bana balute, watu wa kumbukumbu, waliosoma historia kwa vidole juu ya ubao wa lukasa wenye shanga na misumari. Walisimulia ginsi Kalala Ilunga alivyomshinda Nkongolo, mfalme mkali. Fikiri kidogo. Kila mara walipomsifu mulopwe mpya, walikuwa wanamkumbusha vilevile kwamba kulikuwa na mfalme mmoja mbaya na mwisho wake ulikuwa mbaya. Walikula kwa mfalme, ndiyo, lakini mfalme naye aliwahitaji ili awe mfalme. Mdomo wao ulikuwa na bei, lakini haukuwa wa mnunuzi mmoja.

Hapo ndipo tunaona tofauti, na haiko kwenye franga. Mwenye kutoa dola ili atajwe leo hanunui maneno tu. Ananunua na kimya. Mwimbaji akisha kula kwa bwana fulani, hataimba kwamba bwana huyo amekula mshahara wa wafanyakazi wake. Franco anatufundisha kwa pande zote mbili, maana alikuwa mkubwa kwa pande zote mbili. Mwaka 1978 serikali ilimfunga kwa ajili ya nyimbo zilizoitwa za aibu. Na mwaka 1984, wakati wa uchaguzi ambao ulikuwa na mtu mmoja tu, aliimba Candidat na biso Mobutu. Hatumhukumu, Zaire ya wakati ule tunaijua. Lakini hakuna anayeweza kuuchukua wimbo wa 1984 kama ushuhuda juu ya Mobutu.

Tusifikiri ni ugonjwa wa Kongo peke yake. Nchi ya Haiti, ambayo ilitutumia walimu wengi baada ya uhuru wa 1960 (wazee wetu wengine walifundishwa na Wahaiti na wanakumbuka Kifaransa chao kizuri), ina muziki wake wa kucheza unaoitwa konpa, ulioanzishwa na Nemours Jean-Baptiste mwaka 1955. Huko nako santuri hazijawahi kulisha bendi vizuri. Bendi inaishi kwa dansi, na kwa Wahaiti walio New York na Miami, kama vile zetu zinavyoishi kwa Wakongo wa Paris na Brussels. Nako chini ya François Duvalier, aliyetawala kutoka 1957 mpaka kufa kwake 1971, waimbaji walijikuta wanamsifu mkubwa. Hata wakati mmoja mwimbaji wa konpa, Michel Martelly, ambaye watu walimjua kwa jina la Sweet Micky, alikuwa raisi wa Haiti, kutoka 2011 mpaka 2016. Mtu anaweza kusema: afadhali, pale mwimbaji aliacha kutaja jina la mkubwa akajitaja mwenyewe.

Turudi kwetu, maana Kinshasa na Port-au-Prince ni mbali na samaki zetu ni za hapa.

Hapa Kinkondja hakuna orkestra kubwa. Kuna kijana mwenye mikro, baflo mbili na kigrupu kinachokunywa mafuta. Wanamwita katika ndoa, na siku hizi wanamwita na katika matanga. Anaimba kidogo, kiisha anaanza: nani ataleta mia tano nimtaje? Mwenye kuleta anatajwa: "mkubwa wa wakubwa", "mwenye ziwa", "simba". Watu wanapiga mikono. Mwenye kuleta elfu mbili anatajwa zaidi ya yule wa mia tano. Sisi tumekuwa katika matanga ambamo mjane amekaa chini na nguo moja, na pale nje watu wanashindana kutupa franga kwa mikro, na usiku mzima jina la marehemu limesikika mara chache kuliko jina la mfanyabiashara wa mafuta. Na marehemu huyo alikuwa mzee wa kushona nyavu. Nusu ya wavuvi wa upande ule waliujua ufundi kwa mikono yake. Kama pangekuwa mmoja wa bana balute pale, angeanza na nyavu.

Hilo ndilo linalotuuma sisi walimu. Hatuumizwi na mfanyabiashara kusikia jina lake. Na afurahi, franga ni zake. Tunaumizwa na watoto wanaosikiliza. Mtoto wa miaka kumi na mbili anajifunza pale kwamba jina linapanda kwa kulipwa, na asiyelipa hana jina. Kiisha tunamwona darasani. Tulimuuliza mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne anataka kuwa nani. Hakusema munganga, hakusema mwalimu (hilo tunalielewa, mshahara wetu anaujua). Alisema: "Nataka kuwa mutu mwenye banatupa jina yake." Tukamuuliza: wakutaje kwa kazi gani? Akatutazama kama vile ulizo letu halina maana.

Kuna wenye kutaka kukataza. Wachungaji wengine wamejaribu, na kelele zimehamia nyumba ya jirani. Sisi hatuamini makatazo, na tena tunaogopa wimbo usio na jina la mtu yeyote. Huo ungekuwa maskini. Kwetu wimbo ni mahali pa majina. Wakati mapasa wanazaliwa, Kyungu na Kabange, wanawake wanaimba wanavyotaka, wanataja na kutania wakubwa na wadogo, hata kwa maneno ambayo siku nyingine ni haya, na hakuna aliyelipa atajwe wala hakuna awezaye kulipa asitajwe. Ile ndiyo nguvu yake. Unaweza kuwa na gari, unaweza kuwa na mtumbwi wa motere, watakuimba ulivyo.

Unesco iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa dunia tarehe 14 Desemba 2021, pamoja na ndugu zetu wa Brazzaville. Tulifurahi. Lakini urithi si gitaa peke yake, ni pamoja na haki ya mwimbaji kusema na kunyamaza kwa kutaka kwake mwenyewe. Hatujui namna ya kumpa haki hiyo kama hatutaki kumlipa kwa wimbo wenyewe. Sisi tunaosema vibaya juu ya mabanga, simu zetu zimejaa nyimbo ambazo hatukununua.

Familia moja ya hapa ilijaribu kitu mwaka uliopita. Walichanga kabla ya matanga, wakamlipa kijana wa mikro mara moja, wakapatana kwamba usiku ule majina yatatajwa na wazee bila franga: kwanza marehemu, kiisha waliomzaa, kiisha wale aliowafundisha kazi. Yalikwenda vizuri mpaka karibu saa sita ya usiku. Mafuta ya kigrupu yakaisha, na yule kijana akaja kwa wazee akasema kwa heshima: "Baba, ile beya tulipatana inafika hapa. Kama ni mambo ya zamani, ningeanza kutaja watu, tungepata mafuta ya kufika asubuhi." Wazee wakashauriana. Mmoja akasema wazime mashine, waimbe na ngoma. Vijana wengi waliondoka. Waliobaki waliimba mpaka jua likatoka, na jina la mwisho lililotajwa, tuliambiwa, lilikuwa la bibi mmoja muuza samaki ambaye alikuwa amekaa nyuma kabisa na hakutegemea kusikia jina lake pale.