Kadi ya Mlangoni

Kadi yenyewe ilikuwa ya mbao nyembamba, imetobolewa tundu la kuivisha kwenye kitasa. Iliandikwa kwa Kinorwe na Kiingereza kwamba leo chumba hiki kisisafishwe, mgeni anaitunza dunia. Ukiitundika nje kabla ya saa tatu usiku, asubuhi mapokezi wanakupa kuponi ya kahawa. Mimi niliitundika usiku wa kwanza, hata viatu sijavua.

Nilikuwa Oslo kwa usiku nne, mwezi wa Novemba, kwenye semina ya wanafunzi wa uzamili kuhusu maadili ya mazingira. Walionialika walinipangia hoteli ndogo mtaa wa Grünerløkka, hatua chache kutoka mto Akerselva, ambao zamani maji yake yaliendesha viwanda. Ndani ya hoteli kila kitu kilikuwa na maelezo. Sabuni ilitoka kwenye chupa kubwa iliyofungwa ukutani, ili vichupa vya plastiki visitupwe. Viti vya mapokezi, kibao kilitamba, vilishatumiwa na watu wengine. Yaani mtumba. Nilimtumia mama picha, akanijibu kwa sauti huku anacheka: umevuka bahari yote hiyo kwenda kukalia mtumba?

Sikwenda kukejeli, nilipapenda. Ila nilikuwa na hoja yangu mfukoni. Mwaka 1986 Mmarekani Jay Westerveld aliandika kuhusu hoteli zinazowasihi wageni warudie taulo kwa ajili ya mazingira, huku zenyewe zikijali zaidi faida, na kutokana na taulo hizo Kiingereza kikapata neno lake la unafiki wa kijani. Nilitarajia kuifumania hoteli ikidanganya. Haikudanganya. Taulo isiyofuliwa ni maji yasiyochemshwa na sabuni isiyomwagwa, hilo halina ubishi. Kama kulikuwa na mnafiki, ni mimi niliyepanda ndege mbili kwenda kuzungumzia hali ya hewa.

Siku ya tatu asubuhi nilisimama koridoni nikiongea na mama kwenye simu. Mwanamke wa makamo aliyekuwa anasukuma toroli la mashuka akasimama, akasubiri nimalize.

“Hicho Kiswahili chako ni cha Tanzania,” akasema.

Nikamwamkia shikamoo. Akaangua kicheko ndipo akaitikia marahaba. Kwao ni Uvira, Kongo, lakini kabla ya kuletwa Norwe alikaa miaka kumi na mmoja katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na shikamoo aliiokota huko. Tuliulizana habari za nyumbani. Kisha macho yake yakatua kwenye kitasa changu.

“Na wewe mwanangu umeweka?”

Nikamwambia ndiyo, mama, kwa ajili ya mazingira. Nadhani nilikuwa nasubiri sifa.

Akanieleza. Usiku kadi zinahesabiwa. Zikiwa nyingi, ujumbe unaingia kwenye simu yake: kesho usije. Yeye si mwajiriwa wa kudumu, ni wa kuitwa; Dar tungesema deiwaka. Na chumba kilichokaa bila kuguswa hakisamehewi siku mgeni anapoondoka. “Vumbi la siku nne, nywele za siku nne, lakini dakika wananipa zilezile.” Hakuwa analalamika. Aliongea kama mtu anayekuelekeza basi linapita saa ngapi. Akaniagiza nimsalimie mama yangu, akaendelea na toroli lake.

Semina ya siku hiyo sikufungua mdomo. Mwaka 1785 Kant alitoa mfano wa mwenye duka ambaye hamdanganyi hata mtoto mdogo kwenye bei, kwa sababu uaminifu unamletea wateja. Amefanya lililo sawa, anasema Kant, lakini tendo lake halina thamani ya kimaadili. Mfano huo nimewahi kuufundisha mwaka wa kwanza, kwa madaha kabisa. Sasa nikaona hoteli ndiyo mwenye duka, inaokoa maji na mshahara kwa mkono mmoja. Mimi pia ni mwenye duka, maana wema wangu umelipwa kahawa. Ila katika hadithi ya Kant watu ni wawili, na mtoto anatoka dukani hajapunjwa. Katika yangu yupo wa tatu, na kahawa yangu kailipia yeye.

Jibu la haraka ni kutupa taulo sakafuni kila asubuhi ili mama yule apate kazi. Ni upuuzi. Kwa hoja hiyo hakuna kisima cha mafuta kingewahi kufungwa. Na hapa ndipo Norwe iliponichanganya. Mafuta ya Ekofisk yaligunduliwa mwaka 1969 na nchi ikatajirika. Leo ukigusia kuyapunguza, swali la kwanza ni wafanyakazi wa visimani watakula nini, nani atawafundisha kazi nyingine. Ni swali la haki. Kwenye semina yetu lilichukua nusu siku nzima. Wa kusafisha vyumba hakutajwa, na kazi yake haisubiri mwaka fulani wa malengo. Inapunguzwa usiku huu, saa tatu, kwa kibao cha mbao.

Wala fedha si kwamba haipo. Chumba kisichosafishwa kimeokoa kitu, na sehemu ya kitu hicho ilishajua njia ya kufika kwenye kikombe changu. Ingeshindwaje kufika kwenye saa zake za kazi?

Hayo yote sikuyasema mapokezi. Nilikuwa mgeni na chumba nimelipiwa. Ningependa kuiita adabu, lakini ulikuwa woga.

Jioni ile kadi niliiacha mezani. Asubuhi nikaamka mapema na mikono ikaanza yenyewe, kama nilivyolelewa, kwamba ukilala ugenini huachi kitanda wazi. Nikatandika, nikakunja taulo nitakayoirudia, nikapangusa sinki. Nilipovaa koti nikageuka kutazama, na chumba hakikuwa na kazi hata moja. Sikujua kama chumba cha namna hiyo nacho kinahesabiwa. Nikavuta shuka upande mmoja, nikaangusha mto sakafuni, nikatoka haraka kabla sijasikia magurudumu ya toroli.