Ugeni wa Kununua

Vitu vya dunia vimegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vitu ambavyo bei haiviharibu: mchele, nguo, jahazi na nyumba. Vikiuzwa, hubaki vile vilivyokuwa. Fungu la pili ni la vitu ambavyo bei huvigeuza vikawa vitu vingine. Urafiki ulionunuliwa si urafiki, ushahidi ulionunuliwa si ushahidi, na sifa iliyonunuliwa ni kelele tupu. Je, ruhusa ya kukaa katika nchi ya watu yafaa iwekwe katika fungu lipi? Swali hili si la mzaha. Nchi nyingi leo zimefungua duka la ukaazi, na wateja wake ni matajiri wa mbali wanaotafuta jua, unafuu wa maisha na utulivu wa uzee.

Thailand ni mfano mwema wa kulitazama jambo hili, kwa sababu imelifanya kwa muda mrefu na kwa uwazi. Mwaka 2003 ilianzisha kadi ya uanachama iliyoitwa Thailand Elite, chini ya mamlaka ya utalii, ili mgeni aliyelipa apate kukaa miaka mingi bila ya usumbufu. Oktoba 2023 kadi hiyo ilipewa jina la Thailand Privilege, ikapangwa kwa madaraja kama mabehewa ya gari moshi. Daraja la chini lilitangazwa kwa baht 650,000 kwa miaka 5. Daraja la juu, ambalo mtu hulipata kwa kualikwa tu, kwa baht 5,000,000 kwa miaka 20. Mwaka 2022 ilitoka viza nyingine ya miaka 10. Mstaafu wa miaka 50 au zaidi huweza kuiomba akionyesha pato la dola 80,000 za Marekani kwa mwaka, au nusu ya pato hilo pamoja na dola 250,000 alizozitia katika rasilimali za nchi. Kwa wastaafu wa hali ya kati iko njia ya zamani zaidi, nayo ni baht 800,000 katika benki ya nchi au pato la baht 65,000 kwa mwezi, na kibali kinachotazamwa upya kila mwaka. Mstaafu wa njia hii hakukatazwa kula, kulala wala kutembea. Amekatazwa jambo moja, nalo ni kufanya kazi.

Haki yataka hoja ya muuzaji isikilizwe kwanza. Nchi ina uwezo wa kuchagua nani aingie mlangoni mwake, kama mwenye nyumba alivyo na uwezo wa kuchagua mpangaji. Mstaafu aletaye akiba yake hamnyang'anyi mtu kazi. Hulipa kodi ya nyumba, hununua samaki sokoni, humlipa daktari, dereva na mpishi. Waswahili walikwisha kusema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena, Thailand haikuuza kila kitu. Sheria yake kwa kawaida humzuia mgeni kumiliki ardhi kwa jina lake, na katika jengo la ghorofa lenye makazi ya kuuzwa moja moja wageni hawawezi kumiliki zaidi ya asilimia 49 ya eneo lake. Aliyekuja na fedha amepewa kivuli cha mti, hakupewa shina. Wala mstaafu mwenyewe hastahili lawama. Mtu aliyefanya kazi miaka 40 katika baridi ya Ulaya, akaona kwamba pensheni yake kule yamtosha chumba kimoja, na huku yamtosha nyumba na mlezi, hana kosa kwa kuhama. Kutafuta unafuu si dhambi. Maskini hufanya hivyo kila siku.

Na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa katika nchi hiyo hiyo wako pia wageni maskini. Wametoka Myanmar, Kambodia na Laos, nao vilevile walihama kutafuta unafuu. Huko Samut Sakhon, karibu na Bangkok, mikono ya watu wa Myanmar ndiyo inayosafisha samaki na kamba wanaopelekwa katika masoko ya mbali. Katika mashamba ya mipira, katika majengo yanayoinuka na katika nyumba za wenye nafasi, jasho lao halikosekani. Kwa mapatano ambayo Thailand iliyatia sahihi na majirani hao mwaka 2002 na 2003, mfanyakazi hupewa kibali cha miaka 2, ambacho chaweza kuongezwa hata kikafika miaka 4. Kisha yampasa arudi kwao kabla ya kuomba upya.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha umbali uliopo baina ya wageni hawa wawili. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara katika Phuket, kisiwa kipendwacho sana na wageni matajiri, kilikuwa baht 400 kwa siku. Mfanyakazi wa kima hicho, asipokula wala asipovaa, angehitaji siku 2,000 za kazi kutimiza akiba ya baht 800,000 anayodaiwa mstaafu. Kuifikia kadi ya baht 5,000,000 angehitaji siku 12,500, yaani zaidi ya miaka 34 bila ya kupumzika hata siku moja. Na baada ya kuitumikia nchi miaka 34, kadi hiyo ingemruhusu kukaa ndani yake miaka 20.

Methali ya pili ya Waswahili juu ya ugeni yafaa ikumbukwe hapa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengi huidhani methali hii kuwa ni njia ya adabu ya kumfukuza mgeni. Lakini maana yake yaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Jembe si adhabu. Mgeni wa siku mbili hulishwa kwa sababu si wa nyumba hiyo. Wa siku ya tatu hupewa jembe kwa sababu ameanza kuwa wa nyumba hiyo. Anayelima pamoja na wenyeji hula kwa haki, si kwa hisani, na neno lake husikilizwa barazani. Kwa fikira hii, kazi ndiyo mlango ambao mgeni hupitia akawa mwenyeji.

Duka la ukaazi limeupindua mpango huu juu chini. Aliyepewa ukaazi wa miaka mingi amekatazwa jembe, au halihitaji. Aliyeshika jembe amenyimwa ukaazi wa miaka mingi. Wa kwanza aweza kukaa kwa kuwa hana haja na nchi hiyo. Wa pili hawezi kukaa kwa kuwa ana haja nayo, ingawa nchi nayo ina haja na yeye. Lawama, basi, haiuangukii uuzaji wenyewe wala ununuzi wenyewe. Kosa limo katika mizani. Fedha, ambayo ilikuwa ufunguo mmoja wa mlango, imefanywa kipimo cha thamani ya mtu anayebisha hodi.

Mpinzani atasema kwamba wageni wote wawili walikuja kwa hiari, kila mmoja akijua masharti yake, na ahadi ni deni kwa aliyeitoa tu. Mfanyakazi aliahidiwa miaka 4, akapewa miaka 4, amedhulumiwa nini? Hoja hii ina nguvu, lakini nguvu yake ni ya sokoni. Mapatano huonyesha kile ambacho watu walikubaliana. Hayaonyeshi kila kile wanachowiwa. Mtoto hakupatana na mama yake juu ya malezi, na hata hivyo deni lipo. Mtu akikaa mahali, akajenga nyumba za wengine, akazaa na akazika, hujifunga kwa nchi hiyo kwa kamba ambazo hazikuandikwa katika karatasi yoyote. Nchi inayosema haizioni kamba hizo yafumba macho kwa makusudi, maana mazao ya jasho hilo yaona na kuyahesabu.

Yafaa pia kuona kwamba mizani hii haimdhuru maskini peke yake. Mstaafu aliyepokewa kwa ajili ya mfuko wake hana budi kuulinda mfuko huo mpaka kufa. Mwenye kibali cha mwaka mmoja hutakiwa kuarifu makazi yake kila baada ya siku 90, na kila mwaka kuthibitisha kwamba fedha bado ipo. Pensheni inayolipwa kwa fedha ya mbali hupanda na kushuka pasipo idhini yake. Maradhi ya uzee hula akiba haraka kuliko mchwa alavyo mlango. Hebu mtu huyo afikie umri wa miaka 80, amekwisha kuisahau nchi yake, jirani zake wanamwita babu, na daftari ya benki yapungukiwa na kiasi kinachotakiwa. Kwa sheria ya duka, yeye ni mteja aliyeishiwa. Aliyeingia kwa bei hutolewa kwa bei. Hakulima pamoja na mtu, kwa kuwa alikatazwa. Naye hana wa kumtetea ila waliompenda bure. Tajiri alidhani amenunua makao, kumbe amenunua ugeni mrefu.

Nchi nyingine zilizofungua duka kama hili zimekwisha kujuta kwa sehemu. Ureno ilianza mwaka 2012. Oktoba 2023 sheria mpya iliifuta njia ya kupata ukaazi kwa kununua nyumba. Hispania ilianza mwaka 2013, ikaufunga mpango wake 3 Aprili 2025. Katika nchi zote mbili kilio kilikuwa kimoja: wenyeji walikosa nyumba wanazoweza kuzilipia. Malta ilikwenda mbali zaidi, ikauza hata uraia. Na 29 Aprili 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mpango huo wapingana na sheria ya Umoja, kwa kuwa uraia usigeuzwe kuwa biashara. Mahakama hiyo iliweka mpaka kati ya uraia na bei. Mpaka wa ukaazi umeachwa kwa dhamira ya kila taifa.

Dhamira hiyo si ndoto, maana imewahi kutenda kazi. Mwaka 1972 watu wengi waliyakimbia mauaji ya Burundi, wakaingia Tanzania mikono mitupu. Walipewa ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakafyeka msitu, wakalima, wakajilisha na kuuza ziada. Mwaka 2014, baada ya miaka 42 na kungoja kwingi, karibu watu 162,000 miongoni mwa wakimbizi hao na watoto wao walipewa uraia. Hawakuulizwa walikuwa na kiasi gani benki. Jembe lilikuwa limekwisha kuwajibia. Thailand yenyewe, 29 Oktoba 2024, ilikubali katika baraza la mawaziri kuharakisha njia ya ukaazi wa kudumu na uraia kwa watu wapatao 483,000 wasio na uraia wa nchi yoyote, wengi wao wakiwa wa makabila ya milimani na watoto waliozaliwa humo humo. Nchi inayouza kadi za madaraja ndiyo hiyo hiyo iliyokiri kwamba miaka na kuzaliwa vina uzito. Mizani mbili zimo katika nyumba moja.

Hapana haja ya kuivunja mizani ya kwanza. Mgeni mwenye mali na aje, alipe, na apumzike kwa amani. Lakini miaka ya mtu aliyefanya kazi na ihesabiwe, isifutwe kila inapofika 4. Na miaka ya mzee aliyekaa kwa wema nayo ihesabiwe, asitolewe kwa upungufu wa daftari. Fedha yaweza kumfikisha mtu mlangoni, na pengine kumwingiza sebuleni. Kumfanya wa nyumbani ni kazi ya muda, jasho na mapenzi, na vitu hivyo vitatu ni vya fungu lile la pili, ambalo bei ikiligusa huligeuza.